Nahisi Kuna Kasoro: Je, Niseme au Ninyamaze?



Leo nataka tuongee jambo ambalo ukiliangalia haraka utadhani ni la mafundi wa kompyuta tu, kumbe linatugusa wote. Swali limeletwa na vijana wanaosoma TEHAMA, nami nalieleza kwa maneno yangu: Frateri, natumia programu fulani ya seva, zile za bure ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuchungulia ndani. Nimeona kitu hakikai sawa, ila sina uhakika. Nikisema, si nitakuwa namhukumu aliyeiandika? Nikikosea, si nitakuwa nimemchafua mtu bure? Si bora ninyamaze tu, nimwachie Mungu?

Swali zuri. Ndani yake kuna swali kubwa zaidi: mtu mwenye shaka tu, asiye na uhakika, ana wajibu gani? Tukiwa na uhakika, cha kufanya tunakijua. Kama hatujui lolote, hatudaiwi kitu. Shida iko katikati, pale ulipoona wingu lakini mvua hujaiona. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli, lakini kila mkulima anajua kuna mawingu yanayopita tu.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini

Seva ni kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine. Ukifungua saiti ya chuo, ukituma pesa kwa simu, ukisoma tafakari hii, kuna seva mahali fulani inakujibu. Seva nyingi sana duniani zinaendeshwa na programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi. Msimbo ni yale maelekezo ambayo mwanaprogramu anaiandikia kompyuta. Ukiwa huria, wewe na mimi tunaweza kuusoma, kuutumia, hata kuurekebisha.

Wanaozitunza programu hizi mara nyingi ni watu wa kujitolea. Ni kama wale akina mama wanaofagia kanisa Jumamosi jioni. Jumapili tunaingia, tunakaa, tunasali, na wala hatujiulizi nani alipiga deki. Ndivyo ilivyo na mtandao: sehemu kubwa inasimama juu ya kazi ya watu ambao hatutawajua kamwe.

Sasa, watu hao ni binadamu na wanakosea. Herufi moja ikikaa vibaya, mlango unabaki wazi. Na kwa kuwa msimbo uko hadharani, kila anayeutumia ni jirani wa mwenye nyumba na anaweza kuona ufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunasema. Lakini hakuna ufa uliozibwa kabla mtu mmoja hajasema: jamani, pale ukutani, mimi naona kama kuna ufa.

Nusu sekunde

Hebu tuangalie kisa kimoja cha kweli. Tarehe 29 Machi 2024, siku ambayo sisi Wakatoliki tulikuwa kwenye Ijumaa Kuu, mwanaprogramu aitwaye Andres Freund alitoa barua ya wazi kwa watu wanaoshughulikia usalama wa programu huria. Freund ni mmoja wa wajenzi wa PostgreSQL, programu ya kuhifadhi data inayotumika sana kwenye seva, na wakati huo alikuwa mwajiriwa wa Microsoft. Usalama wa mtandao haukuwa fani yake, na katika barua hiyo alisema hivyo waziwazi.

Ilianzaje? Alikuwa anapima kasi ya PostgreSQL, na kwa kazi hiyo unahitaji kompyuta iliyotulia. Akaona programu ya SSH, ambayo ndiyo mlango wa mafundi kuingia kwenye seva wakiwa mbali, inatumia nguvu nyingi kuliko kawaida. Akapima muda wa kuingia. Zamani ilichukua kama sekunde 0.3, sasa imekuwa sekunde 0.8. Nusu sekunde! Wewe na mimi tungesema mtandao leo mzito, tukaendelea na maisha. Yeye akakumbuka pia kwamba wiki kadhaa nyuma chombo chake cha majaribio kilikuwa kimetoa malalamiko asiyoyaelewa. Akaziweka dalili mbili pamoja, akaanza kufuatilia.

Alichokikuta kilitisha. Kuna programu ndogo iitwayo xz, kazi yake ni kubana mafaili yawe madogo, na iko karibu kila mahali penye Linux. Ndani ya matoleo yake mawili mapya, 5.6.0 na 5.6.1, kulikuwa na msimbo uliofichwa kwa ustadi mkubwa. Katika baadhi ya mifumo ya Linux, msimbo huo ulifika hadi kwenye mlango wa SSH na kumwezesha mwenye ufunguo wa siri kuiamuru seva atakavyo. Matoleo hayo yalikuwa yameshaingia kwenye mifumo ya majaribio. Yalikuwa bado hayajaingia kwenye mifumo imara ambayo mashirika mengi hutumia. Yangeachwa, yangesambaa dunia nzima.

Nyuma ya mlango huo palikuwa na jina: Jia Tan. Kwa zaidi ya miaka miwili mwenye jina hilo alijitolea kusaidia kazi ya xz, akaaminika, akawa mtunzaji mwenza. Hadi leo haijathibitishwa hadharani ni nani hasa. Mtunzaji wa awali alikuwa ameelemewa, na mwaka 2022 aliandika wazi kwamba kazi ile anaifanya bila malipo na kwamba hali yake binafsi inamzuia kufanya zaidi. Wakati huohuo watu wasiojulikana walikuwa wakimsukuma aongeze mtu wa kumsaidia. Akaongeza.

Sasa rudi mwanzo uangalie. Siku ya kwanza kabisa, Freund alikuwa na nini mkononi? Nusu sekunde tu. Angeweza kuipuuza. Angeweza pia kupiga kelele kwamba fulani ni mwizi. Hakufanya hata moja. Alipima, akafuatilia, akasema. Hapo katikati, kati ya kupuuza na kupiga kelele, ndipo dhamiri ya Mkristo inatakiwa kujifunza kusimama.

Kitu na mtu si kesi moja

Tunaponyamaza mbele ya kasoro, wengi wetu tunajificha nyuma ya maneno matakatifu. Tunasema Bwana alikataza kuhukumu. Tunasema upendo hufunika mengi. Ni kweli, Kanisa linafundisha hivyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inaionya hukumu ya pupa. Lakini soma vizuri: kinachokatazwa ni kuamini, bila msingi wa kutosha, kwamba jirani yako ana kosa la kimaadili. Kosa la jirani! Haijasema ni dhambi kushuku kwamba daraja lina ufa, kwamba chakula kimechacha, au kwamba programu ina kasoro.

Mtakatifu Thomas wa Akwino aliliona jambo hili karne ya 13. Katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 60, anauliza kama mashaka yafasiriwe kwa upande ulio mwema. Anajibu ndiyo, akimaanisha mashaka juu ya watu. Anafika hadi kusema kwamba ni afadhali kukosea mara nyingi kwa kumdhania mema mtu mbaya, kuliko kukosea mara chache kwa kumdhania mabaya mtu mwema. Jamani, hiyo ni kauli nzito. Tutairudia.

Lakini katika majibu yake kwa pingamizi anaongeza mambo mawili ambayo yakisahaulika tunapotea. La kwanza: kuhukumu vitu si sawa na kuhukumu watu. Kitu hakiumii kwa maoni yako. Ukisema msimbo huu umekosewa, msimbo haulii. Kwa hiyo kuhusu vitu kazi yetu ni moja tu, kujitahidi kuviona jinsi vilivyo. La pili: tunapotafuta dawa ya baya fulani, inafaa kuchukulia kana kwamba hali ni mbaya zaidi, kwa sababu dawa inayotibu ugonjwa mkubwa itautibu na mdogo. Hapo mtu hamhukumu yeyote. Anajiandaa tu. Mama anayempeleka mtoto zahanati usiku kwa sababu ya homa hasemi mtoto atakufa. Anachukua tahadhari kwa sababu anampenda.

Ukiyaweka hayo pamoja unapata kanuni ambayo mimi naiona ni ya dhahabu: kikague kitu kwa ukali, mdhanie mtu kwa upole. Sisi mara nyingi tunafanya kinyume. Kazi ya mtu tunaipitisha bila kuiangalia kwa sababu tunaona aibu kumkagua, halafu likiharibika tunamkaanga mtu mwenyewe bila huruma. Ulegevu kwenye kitu unazaa ukatili kwa mtu.

Nitoe kisa cha pili uone kwa nini tofauti hii ni muhimu. Tarehe 7 Aprili 2014 ilitangazwa kasoro katika OpenSSL, programu huria inayolinda siri za mawasiliano ya saiti nyingi. Ilibatizwa jina la Heartbleed. Kwa kasoro ile, mtu wa mbali angeweza kuidokoa seva vipande vya kumbukumbu yake, pamoja na manenosiri na funguo za siri. Iliingia mwishoni mwa 2011, ikatoka na toleo la Machi 2012, na ikakaa pale miaka miwili bila kutangazwa. Nani aliiweka? Mtafiti mmoja wa Kijerumani aliyejitolea kusaidia. Alisahau kuweka kipimo kimoja cha kukagua urefu wa ujumbe, na aliyepitia kazi yake hakuliona kosa hilo. Basi. Hakukuwa na njama yoyote iliyopatikana, ni kupitiwa tu.

Linganisha. Heartbleed na xz zote zilikuwa hatari kubwa kwa seva. Ukitazama hatari peke yake, huwezi kujua moyo wa aliyeileta. Huku ni kijana aliyepitiwa, huku ni mtu aliyepanga kwa miaka. Ukubwa wa madhara hauwi ushahidi wa ukubwa wa dhambi. Kwa hiyo ukiripoti kasoro, ripoti kasoro. Moyo wa mtu una Mwenyewe anayeupima.

Jinsi ya kusema

Kama kusema ni wajibu, basi namna ya kusema nayo ni wajibu. Mtu anaweza kusema kweli na bado akatenda dhambi, kwa sababu ameisema pasipostahili au kwa mtu asiyehusika.

Ile barua ya Freund nimeisoma kama mtu anayesoma somo la maadili. Anaeleza alichokiona na jinsi alivyokiona, ili mwingine aweze kurudia na kuhakikisha. Anataja mambo ambayo hajayachunguza. Anasema kwamba mwanzoni alidhani tatizo liko kwenye kifurushi cha Debian, mmoja wa mifumo ya Linux, kisha akagundua linatoka kwenye chanzo chenyewe. Na anapofika kwa mtu, angalia uangalifu wake: anaweka uwezekano wa aina mbili. Ama aliyeingiza msimbo anahusika moja kwa moja, ama kompyuta yake imevamiwa vibaya na wengine. Anasema la pili linaonekana kuwa na uwezekano mdogo, na anatoa sababu. Hata mbele ya ushahidi mzito kiasi kile, aliacha nafasi. Linganisha na sisi tunavyoandika kwenye makundi ya WhatsApp kuhusu mtu ambaye tumesikia habari zake mara moja tu, tena kwa mtu wa tatu.

Halafu kuna swali la kumwambia nani kwanza. Hapa wanaprogramu wamefika, kwa njia yao wenyewe, karibu na mahali ambapo Bwana wetu alitufikisha katika Mathayo sura ya 18. Unajua ule utaratibu: ndugu yako akikosa, nenda kwake mkiwa wawili tu, asiposikia, chukua mmoja au wawili, asiposikia bado, liambie Kanisa. Kwenye programu huria, kasoro ya usalama kwa kawaida unawaambia watunzaji faraghani kwanza. Unawapa muda wa kutengeneza. Kisha habari inatoka kwa wote ili kila mtu asasishe seva yake. Kikundi cha Project Zero cha Google, kwa mfano, kimezoesha watu kipimo cha siku 90. Mwaka 2021, Chen Zhaojun wa Alibaba Cloud alipoona kasoro kubwa katika Log4j, aliwaandikia watunzaji faraghani tarehe 24 Novemba. Ilipofika Desemba kasoro ilijulikana hadharani, nalo toleo lenye marekebisho likatolewa.

Kwa nini faragha kwanza? Sababu ni mbili. Inamlinda aliyekosea asiaibike kabla ya kupata nafasi ya kurekebisha. Na inawalinda wanyonge, kwa sababu ukitangaza mlango ulio wazi kabla haujafungwa, wa kwanza kukusikia ni mwizi.

Lakini subiri. Freund hakuwaandikia watunzaji wa xz. Aliandika kwanza kwa kikosi cha usalama cha Debian, kisha kwa kundi dogo la watu wa usalama wa mifumo ya Linux, na mwisho hadharani. Kwa watunzaji wenyewe hakupeleka, na alieleza kwa nini: ilionekana tatizo linatoka kwao. Je, aliivunja Injili? Hapana. Mtakatifu Thomas, katika swali la 33 la sehemu hiyohiyo ya Summa, anauliza kama lazima maonyo ya siri yatangulie. Anajibu kwamba ziko dhambi za siri zinazowadhuru wengine, na mfano wake ni mtu anayepanga kwa siri kuwapa adui nchi yake. Hapo, anasema, unatoa taarifa mara moja ili madhara yazuiwe, labda uwe na hakika kwamba onyo la siri lingetosha kuyazuia. Faragha ipo kwa ajili ya kumponya ndugu na kuwalinda wengine. Haikuwekwa ili mwenye kudhuru apate muda wa kufuta nyayo. Kijana, hili lishike vizuri, kwa sababu wapo watu wanaoitumia Mathayo 18 kuwaziba mdomo walioumizwa.

Na anayepokea je?

Nisiwaelemee wanaoripoti tu. Upande wa pili kuna mtu. Ripoti yako inamkuta baada ya kazi, watoto wamelala, yuko peke yake na kompyuta. Akifungua anakuta matusi: programu yenu takataka, mnatupotezea muda. Huyo anayetukana hajalipa hata senti. Nikisema tuvikague vitu kwa ukali, sikusema tuwe wakali kwa watu. Mtunzaji wa xz alielemewa mbele ya macho ya dunia nzima, na wapo waliomwandikia kwa kumsukuma tu. Je, wangapi walimuuliza: ndugu, unaendeleaje? Upweke wake ulikuwa ufa kabla ya ufa wa msimbo.

Kuna dhambi nyingine mpya kidogo. Daniel Stenberg, mwanzilishi wa curl, programu huria iliyo kwenye vifaa vingi mno duniani, ameandika waziwazi tangu 2024 jinsi walivyokuwa wakipokea ripoti za kasoro zilizotungwa na akili bandia. Zilipangwa vizuri, zilikuwa na maneno ya kitaalamu, ila kasoro yenyewe haikuwepo. Mtu hakujisumbua kuhakikisha, labda alitafuta zawadi au sifa. Kumbuka kila ripoti lazima isomwe na binadamu. Kutupa shaka ambayo hukuitolea jasho ni kumwibia mwenzako muda wake. Hapo umegusa amri ya saba na ya nane kwa mpigo mmoja.

Kwa hiyo shaka si cheti cha kuropoka. Kabla hujasema, fanya kazi yako: rudia jaribio, soma maelezo ya programu, tazama kama wengine wameshalisema. Kisha sema kwa unyenyekevu: nimeona hiki, kwa hatua hizi, na hiki sijakielewa. Ukijibiwa kwamba hapana, si kasoro, ndivyo ilivyokusudiwa, shukuru uende. Hujaaibika. Mlinzi aliyepiga filimbi akakuta ni paka hajafanya kosa, ilimradi hakumtaja jirani kuwa ni mwizi.

Je, kuamini ni ujinga?

Nilisema tutarudi kwenye ile kauli nzito ya Mtakatifu Thomas, kwamba ni afadhali kudanganyika mara nyingi kwa kumdhania mtu mema. Mtu atasema: Frateri, si ndivyo alivyodanganyika mtunzaji wa xz? Alimwamini mtu, na mtu huyo akageuka nyoka. Basi upendo huu wenu wa kudhania mema ni hatari kwa dunia!

Pingamizi hili siwezi kuliruka, maana lina uzito. Gharama ya kuamini ni kweli ipo, na wengine huilipa pamoja na aliyeamini. Lakini tazama ni nini hasa kilichookoa. Dunia haikuokolewa na mtu aliyemshuku Jia Tan. Iliokolewa na mtu aliyeishuku nusu sekunde. Freund alianza na kitu, na kitu ndicho kilichomfikisha kwa mtu. Angeanza kwa kuwashuku watu, angeanza na nani? Na mgeni? Na mwenye jina asilolizoea? Njia hiyo inawaumiza wengi wasio na hatia, na mjanja bado anapita, maana mjanja ndiye anayejua kuonekana mwema.

Basi kuamini si ujinga. Ujinga ni kudhani kwamba ukishamwamini mtu, kazi yake haihitaji tena macho ya pili. Kumwamini mtu hakufuti ukaguzi wa kazi. Mimi nasema zaidi ya hapo: ukaguzi ndio unaotupa uhuru wa kuamini. Palipo na mazoea ya kuhesabu sadaka watu wawili watatu, hakuna anayehitaji kumshuku mhesabuji. Akihesabu mmoja peke yake chumbani mwaka mzima, hata akiwa mtakatifu, minong'ono itamla. Ile hesabu ya pamoja si tusi kwake, inamkinga.

Tuilete nyumbani

Si wote wanaoandika msimbo. Lakini wote tumewahi kuona kitu hakikai sawa. Kitabu cha fedha cha kwaya hakijumliki. Mtoto wa jirani amebadilika ghafla na anaogopa mtu fulani. Dawa ya duka lile ina tarehe iliyofutwa. Katika Mambo ya Walawi, sura ya 19 mstari wa 16, makatazo mawili yamekaa bega kwa bega: usizunguke ukichongea watu, na usisimame pembeni damu ya jirani yako ikiwa hatarini. Sisi tungependa kuchagua moja. Wapole wanachagua kutochongea, basi wananyamaza. Wakali wanachagua kutonyamaza, basi wanachongea. Mungu ameziweka kwenye mstari mmoja ili tuzibebe zote mbili.

Tuna methali isemayo lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nadhani Mkristo aishike kwa tahadhari. Lisemwalo mara nyingine halipo na wala haliji, ila jina la mtu linakuwa limeshaondoka. Lisemwalo linahitaji kupimwa. Ukiona kitabu hakijumliki, usianze na nani amekula. Anza na ukurasa gani na tarehe ipi. Nenda kwa mweka hazina, mwonyeshe. Labda kuna risiti iliyosahaulika. Lakini kama ni mtoto aliye hatarini, usianze kumwonya faraghani unayemshuku. Mpeleke mtoto mahali salama, toa taarifa kwa wenye mamlaka ya kumlinda, leo hii, hata kama uhakika wako haujakamilika. Si lazima wewe uwe na uhakika ndipo useme. Kuthibitisha ni kazi ya wenye vyombo vya kuthibitisha. Kazi yako ni kusema ulichokiona, bila kuongeza na bila kupunguza.

Maswali ya kutafakari

1. Ni kasoro gani nimeiona na nimenyamaza nikiita ukimya wangu upendo?
2. Nikishuku jambo, huwa naanza na kitu au naanza na mtu?
3. Habari yangu huwa naipeleka kwa anayeweza kurekebisha, au kwa wanaopenda kusikia?
4. Ni mtu gani anayebeba kazi ya wote akiwa peke yake, na mimi sijawahi kumuuliza anaendeleaje?

Tuombe

Ee Bwana Yesu, wewe uliye Kweli, utupe macho yanayoona ufa mdogo na mioyo isiyofurahia kuanguka kwa mtu. Utujalie ujasiri wa kusema tulichokiona, uaminifu wa kukiri tusichokijua, na upole kwa kila aliyekosea. Uwatie nguvu wote wanaofanya kazi za siri ambazo sisi tunanufaika nazo bila kuwajua. Uwe mlinzi wao walipo peke yao. Amina.

Bikira Maria, Kikao cha Hekima, utuombee.